Kabla Kong Mpya Hajafika

Mimi King Kong, lile sokwe kubwa la sinema, nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Ilikuwa Morogoro, katikati ya miaka ya tisini, ndani ya kibanda umiza cha mabati nyuma ya soko, ukumbi wetu wa video, na mkanda ulikuwa ule wa mwaka 1976. Nilichelewa, nikaangukia benchi lililo nyuma ya baba mmoja mwenye mgongo mpana, kwa hiyo robo ya kwanza ya picha niliisikiliza tu. Pembeni ya deki alikaa mfasiri na kipaza sauti chake, anatupa kwa Kiswahili kila kilichosemwa na vingi ambavyo havikusemwa. Kong alipotokeza uso kati ya miti, mfasiri akamsemea kwa sauti nzito: "Nani kaingia kwangu bila hodi?" Kibanda kizima kikalipuka kwa kelele.

Tuliokulia kwenye vibanda tulikuwa na sheria moja: steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa picha atasimama. Na kwetu sisi steringi wa picha ile hakuwa yule kijana mwenye ndevu. Steringi alikuwa Kong. Alipokuwa juu ya lile jengo pacha la New York, helikopta zinamzunguka na kummiminia risasi, tulingoja ageuze kibao. Hakugeuza. Akaanguka. Pale chini mapigo ya moyo wake yakasikika kwenye spika, yakaenda yakipungua, yakakata. Na mfasiri, ambaye hakuwa amefunga mdomo tangu mkanda uanze, akanyamaza. Nilirudi nyumbani bila kusema na mtu.

Naeleza hayo kwa sababu kila inapotangazwa kwamba picha fulani ya zamani ya madude inatengenezwa upya, wadogo zangu na marafiki huniuliza tuisubirije. Wengine wana hamu, wengine wameshakasirika kabla hata bango halijatoka. Mimi nilisubiri Kong wa 2005 kwa mwaka mzima na zaidi, na nilimsubiri vibaya. Ninayoyasema hapa niliyalipia.

Kwanza, rudi ukaitazame ile ya zamani. Usiitegemee kumbukumbu. Mwaka 2005 nilikuwa chuoni Dar es Salaam, na kila Jumamosi nilikwenda kwenye kafe ya intaneti kufuatilia habari za Peter Jackson, mwongozaji wa Kong mpya, kule Nyuzilandi. Yeye na watu wake walikuwa wakitoa video fupi za kazi yao hatua kwa hatua. Kwa kasi ya intaneti ya siku zile video hazikufunguka, nikawa nasoma maelezo na kutazama picha moja moja, huku saa inahesabiwa. Kisha narudi bwenini kubishana. Niliwaambia wenzangu kwamba Kong mpya akikosa ile kauli yake ya hodi, picha imekufa. Niliapa kabisa kwamba Kong anasema.

Miaka miwili baadaye nikapata nakala safi ya ile ya 1976. Kong hasemi kitu. Ananguruma, anavuta pumzi, anatazama. Ile kauli, ule utani na yule binti anayetekwa naye, yale maneno ya kuaga juu ya jengo, vyote vilikuwa vya mfasiri wetu wa Morogoro. Nilikuwa nimeipima kazi ya Jackson kwa picha ambayo haikuwahi kutengenezwa popote isipokuwa ndani ya kile kibanda. Na kosa la pili lilikuwa zito zaidi: ile niliyoiita "ya kwanza" nayo ilikuwa marudio. Kong wa kwanza ni wa mwaka 1933, na sikuwa nimewahi kumwona.

Nilipomwona, nilikaa kimya kama usiku ule. Yule Kong anayetikisa dunia alikuwa mwanasesere wa sentimita 45 hivi, mifupa ya chuma, juu yake manyoya ya sungura. Willis O'Brien, fundi wa kuchezesha wanasesere kwenye filamu, na wenzake walimsogeza kidogo, wakapiga picha moja, wakamsogeza tena, wakapiga nyingine, picha 24 kwa kila sekunde moja ya filamu. Kuna mahali Kong anapigana na Tyrannosaurus, yule dinosaria mkubwa mla nyama, anamshika taya zote mbili na kumpasua kinywa. Mnyama akishakufa, Kong hapigi kifua mara moja. Anainama, analishika lile taya lililolegea, analifungua na kulifunga, analifungua na kulifunga, kama mtoto anayejiuliza mbona hiki kitu hakirudi kujifunga chenyewe. Ndipo anajipiga kifua. Mtu aliyekaa na mwanasesere siku nyingi alifikiria jambo hilo dogo, na hapo ndipo Kong alipata roho. Ukiirudia ya zamani kabla ya mpya, tafuta mahali kama hapo.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia ile hadithi ya msichana aliyerudi ufukweni kufuata kombe lake, zimwi likamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Kila alipoisimulia, zimwi lilibadilika. Leo lina jicho moja, kesho lina mkia, siku nyingine linakohoa moshi. Hakuna mjukuu aliyelalamika kwamba anaharibu hadithi. Lakini wimbo ambao msichana anauimba ndani ya ngoma, hadi mama yake akaitambua sauti, huo hakuugusa hata neno. Siku moja dada yangu alipoisimulia akauruka wimbo, tukamwambia hiyo si yenyewe. Mpaka leo kila nikisubiri picha iliyorudiwa najiuliza: wimbo wa ndani ya ngoma hapa ni upi? Vingine vyote mwongozaji ana ruhusa navyo.

Kwa Kong, naona wimbo ni upweke wake na ile kuanguka. Mwaka 1933 alianguka kutoka jengo la Empire State, New York, kwa risasi za ndege. Mwaka 1976 yakawa majengo pacha na helikopta. Badala ya Tyrannosaurus akapewa joka. Jackson akamrudisha Empire State na kumpa mijusi mitatu ya namna ya Tyrannosaurus badala ya mmoja. Yote hayo yalibadilika na Kong akabaki Kong, kwa sababu hakuna kati ya hao watatu aliyethubutu kumwokoa.

Godzilla, lile dude la Kijapani linalotoka baharini, ndiye wa kujifunzia upande wa pili. Wajapani walimleta mwaka 1954, miaka tisa tu baada ya mabomu ya nyuklia ya Hiroshima na Nagasaki, na mwaka huohuo wavuvi wao walikuwa wameangukiwa na majivu ya bomu la Wamarekani walilojaribu kule kisiwa cha Bikini. Dude lile lilikuwa bomu lenye miguu. Marekani ilipolitengeneza upya mwaka 1998, matangazo yalilificha umbo lake hadi dakika ya mwisho, watu wakachemka kwa hamu, kisha likatoka jitu kama kenge kubwa linalokimbia makombora na kufa kwa makombora. Ukubwa ulikuwepo, wimbo haukuwepo. Kampuni ya Toho ya Japani, yenye Godzilla wake, ililiingiza dude lile kwenye picha yao ya 2004 kwa jina la Zilla, na Godzilla wa kweli akalimaliza kwa dakika isiyotimia. Mashabiki waliochukia 1998 walikuwa na haki. Na walipopata picha ya Kijapani ya Godzilla Minus One mwaka 2023, Japani iliyoteketea na watu waliorudi kutoka vitani wakiwa wamevunjika ndani, walijua mara moja kwamba wimbo umerudi.

Jambo jingine ninalolifanya sasa ni kumchunguza anayetengeneza kuliko kuchunguza matangazo. Jackson aliiona ile ya 1933 kwenye televisheni akiwa na miaka tisa, akalia Kong alipoanguka. Akiwa na miaka kumi na miwili hivi akajaribu kutengeneza Kong wake kwa waya na manyoya ya vazi la zamani la mama yake. Mtu wa namna hiyo anaweza kukosea, lakini hawezi kuusahau wimbo. Na kweli, kwenye picha yake Kong akishamuua mjusi wa mwisho, analishika taya na kulichezesha. Mara ya kwanza sikulielewa hata kidogo, kwa sababu sikuwa nimeiona ya zamani. Leo nikifika hapo najua ni salamu ya mtoto wa miaka tisa kwa waliomtangulia.

Vilevile mwigizaji wake, Andy Serkis, ambaye mienendo yake ndiyo iliyogeuzwa kuwa Kong kwa kompyuta, alifunga safari hadi Rwanda kuwatazama sokwe wa milimani. Kwetu sisi wa ukanda huu hilo si jambo dogo. Yale macho yanayokwepa, ile namna ya kukaa ukampa mtu mgongo huku unamsikiliza, ni mambo ya familia za sokwe wa milima ya Virunga, jirani zetu. Habari kama hiyo ya mtu kufunga safari ili ajifunze inanipa imani kuliko trela tano.

Matangazo, ndugu yangu, yatazame kwa kiasi. Mwaka 1976 bango lilimchora Kong amesimama mguu huku mguu kule juu ya majengo pacha, ndege mkononi. Kwenye picha hayupo hivyo. Watangazaji walilipigia debe dude la mashine la futi 40, na kweli lilitengenezwa kwa fedha nyingi, lakini linaonekana kwa sekunde chache tu. Sehemu kubwa ya Kong yule ni mtu, Rick Baker, ndani ya ngozi ya sokwe. Na habari za jikoni nazo zinakosesha watu usingizi bure. Miezi miwili hivi kabla ya Kong wa 2005 kutoka, mtunzi wa muziki alibadilishwa, Howard Shore akaondoka, akaja James Newton Howard. Bwenini tukakaa matanga. Muziki aliouandika kwa muda ule mfupi naupenda hadi leo. Mimi sasa natazama trela moja, ya kwanza, basi.

Kuna jambo ambalo mashabiki wengi hawapendi nilitaje, na nitalitaja. Kisiwa cha Kong, kwa maneno ya picha ya 1933, kiko magharibi ya mbali ya Sumatra, yaani ndani ya Bahari ya Hindi, bahari yetu. Wenyeji wake wengi waliigizwa na Wamarekani weusi, baadhi wakavalishwa manyoya na kuambiwa waruke. Mkuu wa kijiji ni Noble Johnson, mtu ambaye mwaka 1916 alianzisha na ndugu yake kampuni ya filamu, Lincoln, ili watu weusi waonekane kama watu. Nikikumbuka hilo kila ninapomtazama, moyo unaniuma. Kong wa 2005 hakuliponya hilo. Wenyeji wake wanatisha tu, hawana hata mmoja mwenye jina au huzuni. Kwa hiyo unaposubiri toleo jipya la picha ya kale, usidai kila kitu kibaki kilivyokuwa. Picha za miaka ile zilibeba dharau, na marudio ni nafasi ya kuishusha. Mimi nikisikia Kong mwingine anakuja, swali langu la kwanza ni kama safari hii wale watu wa kisiwani watapewa sauti. Kuishi jirani na Kong vizazi na vizazi, mkamjengea ukuta, ni hadithi kubwa, na hakuna aliyeisimulia vizuri.

La mwisho ni nakala. Mwaka 2005 sikuweza kungoja, nikanunua diski mbili za mtaani, zimerekodiwa na mtu aliyeingia na kamera ukumbini. Picha ya saa tatu na dakika saba, giza tupu, sauti kama imo ndani ya ndoo. Kong anapoteleza na yule binti kwenye barafu usiku, mahali penye utulivu kuliko pote, mtu akanyanyuka kwenda nje na kivuli cha kichwa chake kikapita juu ya nyuso zao. Nikasimama siku ya pili yake mbele ya wenzangu na kutangaza kwamba picha ni mbovu. Nilikuwa sijaiona. Mara ya kwanza huipati tena, kwa hiyo ngoja mwezi, ngoja miezi mitatu, changa fedha, tafuta skrini nzuri na giza la kweli. Na ukitoka, lala nayo siku mbili kabla hujatoa hukumu.

Mwaka jana binti wa dada yangu, ana miaka minane, alikuja kwangu likizo, nikamwekea ile ya 1933. Niliogopa ataikataa kwa kukosa rangi. Kong alipotokea, akasogea karibu kabisa na skrini, akaniuliza, "Mjomba, mbona manyoya yake yanatikisika na hakuna upepo?" Nikamweleza kwamba ni vidole. Kila walipomshika Kong kumsogeza, manyoya yalilala upande mwingine kidogo, na ukizungusha picha haraka yanaonekana yanacheza. Wale watu hawamo kwenye picha, lakini vidole vyao vimo. Akatazama mkono wake, akatazama skrini. Hakusema tena hadi Kong alipoanguka, na hapo akalia kama nilivyojua atalia. Nikamwacha. Baada ya muda akajifuta uso kwa kanga ya mama yake, akachukua rimoti mwenyewe, akarudisha hadi pale kwenye taya.