"Bugler" ni mpiga nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri hati za marehemu babu yangu aliyekuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki). Kazi yake imeandikwa "bugler". Kamusi yangu inasema "mpiga tarumbeta", lakini "trumpeter" nayo inaitafsiri hivyohivyo. Neno hili asili yake nini, na babu nimwiteje?

JIBU: Marahaba. Usiyachanganye hayo mawili. "Bugle" mwanzoni lilikuwa jina la mnyama. Kilatini kilikuwa na buculus, ng'ombe dume mchanga, neno lililotokana na bos, ng'ombe. Kifaransa cha kale kikalifanya bugle, na Waingereza wakalipokea karibu na mwaka 1300 kwa maana ya nyati au ng'ombe-mwitu. Pembe yake wakaiita "bugle horn". Wawindaji waliipuliza, na watu waliinywea pia: mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anamwonyesha Janus, mungu wa Warumi wa kale, akinywa divai kwa pembe hiyo. Baadaye "horn" likadondoka na mnyama akasahaulika. Jina likabaki kwenye kinachopulizwa, hata kilipoanza kufuliwa kwa shaba. Kifaransa hakijasahau kabisa: beugler hadi leo ni kulia kama ng'ombe. Ile -er ya mwishoni mwa "bugler" inafanya kazi ya m- yetu katika "mpiga".

Katika jeshi la Uingereza, "trumpet" ilikuwa ya wapanda farasi. "Bugle" ilishikwa na askari wa miguu wa vikosi vyepesi na vya bunduki za raifo, ambao walitawanyika uwanjani mbali na sauti ya kamanda. KAR, iliyoundwa mwaka 1902, ilibeba raifo katika jina lake. Chombo chenyewe hakina vibonyezo. Midomo na pumzi ndizo zinazobadili sauti, na milio mingi ya amri hutumia noti tano tu.

Kiswahili nacho kina neno kutoka kwa mnyama huyohuyo. Mbiu ilikuwa pembe ya nyati, ikipulizwa kuita watu. Ndiyo hiyo ya mgambo, ikilia ina jambo. Ningependa sana ulitumie, ila siku hizi "mpiga mbiu" msomaji atamwelewa kuwa mtangazaji wa mtaani. Baragumu linafaa zaidi: nalo ni pembe, na bado linasikika kama amri. Andika "mpiga baragumu wa KAR", na tarumbeta mwachie "trumpeter".