Kiitikio cha "anzia sifuri" hakimfundishi mtoto kupima

SWALI: Shikamoo Mkufunzi. Nafundisha Hisabati Darasa la Tatu, watoto 68, na rula zilizopo ni za nusu yao. Nimewazoesha kuanzia kwenye sifuri, na wakipima daftari au kalamu wanapata. Kwenye jaribio niliwachorea penseli juu ya rula, inaanzia 2 na kuishia 9. Zaidi ya nusu wameandika sentimita 9, na wengine wengi wameandika 8. Mwenzangu wa tuisheni anasema niwape kanuni ya "toa ndogo kwenye kubwa" tuendelee na mada nyingine. Nimsikilize, au kuna vitendo vya kufanya darasani?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usimsikilize. Kanuni hiyo itakupa majibu sahihi Ijumaa hii na kukuachia darasa lilelile lisilojua kupima.

Tenganisha kwanza makosa yako mawili, maana hayafanani. Aliyeandika 9 amesoma namba iliyo kwenye ncha ya penseli. Hajapima kitu, amefanya ulichomzoesha, aweke mwanzo, asome mwisho. Aliyeandika 8 ameweka kidole kwenye kila kistari, 2, 3, 4, mpaka 9, akapata vistari vinane. Huyu yuko mbele ya mwenzake. Ameshajua kwamba juu ya rula kuna kitu cha kuhesabu, ila anahesabu vistari badala ya nafasi zilizo kati yake. Penseli yako ina nafasi saba.

Kila ninapokwenda kuwatazama wanachuo wetu kwenye mazoezi ya kufundisha nakutana na kiitikio kilekile. "Tunaanzia wapi?" Darasa zima: "Sifuriii!" Mwalimu anafurahi, watoto wanafurahi, na mimi nakaa nyuma moyo ukiniuma, kwa sababu najua nikimwendea mtoto yeyote pale na kumuuliza sentimita moja iko wapi kwenye rula yake, atanionyesha kistari chenye namba 1. Nimeuliza swali hilo mara nyingi mno. Ni wachache wanaopitisha kidole kutoka 0 mpaka 1 na kusema "hii yote". Sentimita ni ile safari, wala si kituo cha mwisho.

Kuanzia sifuri ni urahisi tu, si sheria. Mtazame fundi seremala. Ncha ya futi yake ya chuma ina kindoano kinachocheza kidogo, na akitaka kipimo makini anaiacha ncha ile, anaanzia kwenye 10, kisha anaondoa 10 mwishoni. Kwa kiitikio cha darasani, fundi huyo kakosa. Tena rula nyingi za plastiki za sentimita 30 hazina sifuri ukingoni. Kistari cha sifuri kimeingia ndani milimita kadhaa. Rula ya mbao ya ubaoni mara nyingi huanzia ukingoni kabisa. Mtoto aliyeimbishwa bila kuelewa anapanga ukingo na ukingo kwenye zote mbili, na ile ya plastiki inampa jibu pungufu.

Sasa vitendo. Ziweke rula zote kabatini kwa vipindi vitatu au vinne.

Anza na shubiri, lakini usiifanye kama inavyofanywa siku hizi. Kwa kawaida watoto wanapima dawati kwa shubiri, majibu yanatofautiana, mwalimu anatangaza "ndiyo maana tunahitaji rula", kwisha. Somo kubwa linabaki juu ya dawati. Mwambie mtoto apime polepole, na wote mtazame mkono: kidole gumba kinatua palepale kidole cha mwisho kilipokuwa. Hakuna pengo, hakuna kupandana. Je, alipoweka gumba mara ya kwanza, alihesabu moja? Hakuhesabu. Moja imekuja baada ya mkono kutanuka. Waache wabishane hapo, usiharakishe.

Kisha toka nao nje. Chora mstari mrefu chini, mtoto asimame mwanzoni. Waulize ametembea hatua ngapi. Watacheka: "Bado!" Basi hapo aliposimama ni sifuri. Darasa la Tatu wanalielewa hili kwa miguu mapema kuliko kwa macho.

Kitendo cha tatu ndicho ningekipa muda mrefu kuliko vyote: watengeneze rula wenyewe. Waambie walete makasha matupu ya viberiti, kila kundi la watoto wanne kasha moja la aina ileile. Wape ukanda wa karatasi ngumu, boksi lolote la dukani litafaa. Wanalaza kasha kwenye mwanzo wa ukanda, wanapiga mstari lilipoishia, wanalisogeza mpaka kwenye mstari huo, wanapiga mwingine, hadi ukanda uishe. Halafu wanapaka rangi nafasi, moja nyekundu, moja wanaiacha nyeupe, hivyo hivyo mpaka mwisho. Namba bado. Wapime dawati kwa ukanda huo mtupu kwa kuhesabu rangi. Hapa yule mtoto wa 8 anaponyeka, kwa sababu rangi inajaa kwenye nafasi na haiwezi kujaa kwenye kistari.

Ndipo uwaulize: namba 1 tuiandike wapi? Wengi watataka kuiandika katikati ya rangi ya kwanza. Usiwakatalie, maana ina mantiki yake; ni rangi ya kwanza kweli. Waulize tu, mtu akiwa amemaliza kasha moja kamili, kidole chake kiko wapi? Nilikaa mara moja na mtoto wa kike, rula yake ya boksi magotini, akaandika 1 katikati, akaitazama, akaifuta kwa mate, akaihamishia kwenye mstari. Kisha akarudi mwanzo kabisa wa ukanda na kuandika 0 bila kuambiwa na mtu. Huyo huhitaji kumwimbisha tena.

Ukishafika hapo, fungua kabati. Na usitupe rula zilizovunjika. Shule zetu zina vipande vya kila aina, vinavyoanzia 4, vinavyoanzia 11, na walimu wanaona ni uchafu. Mimi navikusanya. Gawa vipande hivyo kwa ile nusu isiyo na rula, wapime daftari lilelile wanalopima wenye rula nzima, walinganishe. Mwenye kipande cha 11 akipata jibu sawa na jirani yake mwenye rula mpya, na akakueleza amepataje, kazi imefanyika.

Nirudi kwa mwenzako wa tuisheni. Kutoa 2 kwenye 9 si kosa, hata fundi wangu anatoa. Tatizo ni kumpa mtoto njia ya mkato kabla hajaiona njia yenyewe. Ukimpa kanuni, ataitumia mahali pasipo pake, kwa sababu hajui inahesabu nini. Mwaka mmoja baadaye anakutana na milimita. Anahesabu vistari vidogo kati ya 3 na 4, anapata 9, anaandika kuwa sentimita moja ina milimita 9. Nafasi ni 10, vistari vilivyo katikati ni 9. Anapanda Darasa la Tano, la Sita, anapewa nguzo 10 za uzio zilizosimamishwa kwenye mstari mmoja, mita 3 kutoka nguzo hadi nguzo, aseme umbali wa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Anaandika mita 30. Ni 27. Tunamwita mzembe, ilhali ni ugonjwa uleule wa rula ambao sisi wenyewe tuliufunika kwa kanuni alipokuwa Darasa la Tatu.

Na hizo karatasi za mazoezi zinazouzwa, zenye picha za rula zilizotolewa kopi ya kopi, naomba uzikague kabla hujalipa. Mashine ikipunguza ukubwa, mstari ulioandikiwa "sm 5" haufikii 5 ukiupima. Mtoto aliyepima kwa haki anakosa, aliyebahatisha anapata. Nimeshika karatasi za namna hiyo mkononi, na aliyeziuza aliniambia watoto hawapimi kwa kweli, wanasoma picha tu. Akasema hivyo bila haya. Mstari uchore mwenyewe ubaoni au daftarini, hata kama ni watoto 68.

Wiki ikiisha, rudisha penseli yako ya 2 mpaka 9, lakini safari hii futa namba zote kwenye mchoro, bakiza vistari vinane na penseli juu yake. Wa kanuni atakwama, hana cha kutoa. Atakayekuandikia 7 bila kuuliza sifuri iko wapi, mpe milimita. Atakayeandika 8, mrudishie kasha lake la kiberiti na rangi nyekundu.