Tasi na Tafi ni Samaki Mmoja

Swali la wiki liliuliza kama tasi wa Unguja na tafi wa Mombasa ni samaki wawili tofauti, na wataalamu wanawaweka katika familia gani. Jibu langu ni kwamba ni samaki yuleyule; kilichobadilika ni konsonanti moja tu kadiri mtu anavyopanda pwani kuelekea kaskazini. Kwa lugha ya sayansi yumo katika familia ya Siganidae, yenye jenasi moja tu, Siganus, na spishi karibu 30, na jamaa zake wa karibu ni kina kangaja.

Familia hii haihitaji darubini kutambuliwa. Mlaze tasi chali umtazame mapezi ya tumboni: kila pezi lina mwiba upande mmoja na mwiba mwingine upande wa pili, na katikati njiti 3 laini, mpangilio usioonekana kwa familia nyingine yoyote ya samaki. Mapezi hayo mawili yana miiba 4; ukiongeza miiba 13 ya mgongoni na 7 ya pezi la nyuma ya tumbo, inafika 24, na yote ina sumu. Nayajua haya kwa mwili wangu, kwani utotoni nilichomwa kidoleni nikimtoa tasi kwenye dema (mtego wa samaki) la babu, mkono ukavimba, na bibi akauzamisha katika maji ya moto kadiri nilivyoweza kustahimili mpaka maumivu yakalegea. Baadaye nilisoma kwamba sumu hiyo ni protini, na joto huivunja nguvu.

Jina Siganus lenyewe halikutoka Ulaya. Mtaalamu wa viumbe Peter Forsskål, aliyefanya utafiti katika Bahari ya Shamu na kufariki Yemen mwaka 1763, alilichukua kwa Waarabu wa huko, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Huko Oman na Ghuba samaki hawa huitwa safi, kwa hiyo ndugu zetu wanaoishi huko wakisikia neno hilo sokoni wajue kwamba linataja samaki, wala halisifu usafi wake. Spishi tunayoivua zaidi kwetu ni Siganus sutor, iliyopewa jina na Mfaransa Valenciennes mwaka 1835. Sutor ni fundi viatu kwa Kilatini, na Washelisheli nao humwita kordonnyen, yaani fundi viatu vilevile. Aliyewahi kuchomwa na mwiba wake hatashangaa akikumbuka sindano ya fundi huyo.

Kinachonisumbua ni tafsiri ninazokutana nazo zinazomwita «samaki sungura», jina lililobebwa zimazima kutoka Kiingereza, ambalo sijapata kulisikia kwa mvuvi hata mmoja. Neno tasi linatosha, tena linafaa kuliko hilo, kwa sababu wavuvi hulitumia kwa spishi kadhaa za kundi hili, na hivyo linakaa vizuri mahali pa familia nzima. Ningeomba vitabu vya shule viandike «familia ya tasi», vikitaja tafi kuwa kisawe chake, na palipo na haja ya kutenganisha spishi, jina la Kilatini liandikwe pembeni. Hata anayeandika takwimu za samaki wanaoshushwa dikoni, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinapotua, lingemfaa zoezi hilo, maana Siganus sutor na Siganus stellatus, mwenye madoa mwili mzima, wote kwake huingia katika mstari mmoja wa tasi.