Mke wa Curley: mbaya, mpweke, au vyote viwili?

SWALI: Insha yangu juu ya mke wa Curley, mwana wa bosi wa shamba katika riwaya ya John Steinbeck ya mwaka 1937, Of Mice and Men, imerudishwa. Niliandika kwamba ni mwanamke mpweke wa kuhurumiwa. Mwalimu ameandika pembeni: "Huruma tupu, ushahidi uko wapi?" Niirekebishe vipi? Na kwa nini hana jina?

JIBU: Huruma yako ina msingi, ila lazima itoke kwenye matini. Kwanza pambanua yale wanaume wanayosema juu yake na yale anayosema mwenyewe. Kabla hajafika bwenini kwa vibarua, Candy, kibarua mzee, ameshamsengenya kwa George, kibarua mgeni, kwamba ameolewa juzijuzi tu na tayari macho hayatulii. Kwa hiyo anapoziba mwanga mlangoni, kucha nyekundu na ndara zenye manyoya ya mbuni, msomaji ameshamhukumu. Insha nyingi huharibikia hapo: maneno ya Candy hunukuliwa kana kwamba ni ya msimulizi.

Riwaya ina sehemu sita, naye akiwa hai huonekana katika tatu: ya pili, ya nne na ya tano. Angalia pia hili, maana wengi hulipita: katika sehemu ya pili na ya nne anadai anamtafuta Curley, na Curley naye anamtafuta yeye, lakini hatuwaoni pamoja hata mara moja akiwa hai. Slim, kibarua mwenzao, anapomwambia kwamba mumewe ameelekea nyumbani, anaingiwa na wasiwasi na kuondoka haraka. Hapo una ushahidi wa ndoa ilivyo bila kuongeza neno lako.

Sehemu ya nne usiikwepe. Ni Jumamosi usiku, wenzao wameenda mjini, wamebaki Crooks, mtunza farasi mweusi, Candy, na Lennie, rafiki wa George mwenye akili ya kitoto. Crooks anapomfukuza chumbani mwake, mke wa Curley anamtishia kwamba anaweza kumfanya atundikwe mtini. Mwanamke asiye na sauti mbele ya mumewe ana uwezo wa kumuua mtu mweusi kwa neno moja, kwa kuwa yeye ni mzungu na hiyo ni Marekani ya miaka ya 1930. Insha inayomtakasa huiruka sehemu hii, na msahihishaji huona pengo mara moja.

Sehemu ya tano ndiyo itakayobeba hoja yako. Jumapili alasiri, ghalani, anamweleza Lennie kuhusu mwanamume aliyeahidi kumwandikia barua kutoka Hollywood, barua ambayo haikufika. Anashuku mama yake aliiiba, na usiku huohuo alikutana na Curley dansini. Sisi tunaona kwamba yule mwanamume wa Hollywood alimdanganya, yeye haoni. Lennie naye hasikilizi, mawazo yake yako kwa mtoto wa mbwa aliyemuua na sungura anaowaota. Nukuu pande zote mbili za mazungumzo, ukikata za Lennie upweke unapotea. Kisha chukua maelezo ya msimulizi baada ya kifo cha mke wa Curley: ubaya na kiu ya kutazamwa vimetoweka usoni. Msimulizi anautaja ubaya huo. Hamwachii huru kabisa.

Kuhusu jina, sentensi mbili zinatosha. Hata Crooks, anayetengwa kuliko wote, ana jina. Mke wa Curley anatajwa tu kama mali ya mumewe. Liweke hilo pale Curley anapomtafuta, usilifungulie aya ya peke yake.