Mpwa wa bosi sasa ndiye msimamizi wangu

SWALI: Mzee Masijala, shikamoo. Mimi ni karani wa ushuru wa soko katika kaunti moja ya Pwani. Mpwa wa afisa mkuu wa idara yetu aliletwa kama kibarua. Mwaka jana akapata ajira ya kudumu, tangazo hatukuliona, na mwezi uliopita akafanywa msimamizi wangu. Akichelewesha pesa za soko kwenda benki, hakuna anayemuuliza. Nifanyeje?
Karani, Pwani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuwa mpwa wa mtu si kosa; huenda vyeti vyake vinashinda vyako. Ninachotaka kujua mimi ni nani aliyeketi mezani alipoajiriwa. Mlango wa vibarua naujua, barua zao zimepita sana mikononi mwangu: miezi mitatu, kisha mkataba unaongezwa, halafu siku moja linaandikwa dokezo kwamba "ana uzoefu". Tangazo, likitoka, limeshonwa kwa kipimo chake.

Kisheria, anayeajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti, si afisa mkuu, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka nafasi zitangazwe. Basi usianze na malalamiko. Andika barua uombe tangazo, idadi ya waombaji na kumbukumbu za usaili, ukitaja kifungu cha 35 cha Katiba. Sheria ya 2016 ya kupata habari inawapa siku 21 kujibu. Wakinyamaza, nenda kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Rufaa dhidi ya uamuzi wa ajira hupelekwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90. Ile ya mwaka jana pengine imepitwa, ingawa Tume inaweza kuipokea iliyochelewa ikiona kuna sababu. Hii ya kupandishwa cheo bado i hai.

La pesa za soko ndilo linalonitia hofu. Makarani wakishaona mmoja haulizwi, na wao huanza kulala na makusanyo. Siku mkaguzi akija, atakayeitwa ni wewe uliyekata risiti. Kila ukimkabidhi pesa, andika tarehe na kiasi, atie sahihi, nakala ubaki nayo. Akikataa kusaini, mwandikie siku hiyo hiyo, nakala kwa mkaguzi wa ndani.

Na tafadhali, usilimwage jambo hili kwenye grupu la WhatsApp la idara. Mjomba wake yumo humo.