Swali la lugha: Ovari ya panya ndani ya panya

Msomaji anayetafsiri makala ya sayansi ameuliza: “Niliandika, ‘Watafiti walipandikiza ovari ya panya kwa panya,’ mhariri akanirudishia akisema sentensi haina maana. Je, kosa limo katika kitenzi kupandikiza? Nitumie kuhamisha au kubebesha?”

Kitenzi hakina kosa. Kupandikiza kimetoka shambani kikaingia chumba cha upasuaji, na leo hakuna anayeshangaa kusikia kwamba figo au ngozi imepandikizwa. Kuhamisha hueleza tu kutolewa mahali na kupelekwa pengine, ilhali kipande cha ovari (kiungo cha jike kinachotoa mayai ya uzazi) kinachotiwa mwilini mwa mnyama mwingine, mara nyingi chini ya utando wa figo, sharti kifikiwe upya na mishipa ya damu, la sivyo kitakufa. Maana hiyo ya kushika na kuota imo katika kupandikiza, haimo katika kuhamisha. Kubebesha, ambacho mabwana shamba hukitumia wanapounganisha tawi changa na shina la mti mwingine, kinakaribia sana maana inayotakiwa. Hata hivyo ukisema panya amebebeshwa, msomaji atafikiria mzigo au mimba.

Tahadhari moja inahitajika. Katika habari za uzazi, watu wengi wakisikia upandikizaji huelewa kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, kuwekwa katika mfuko wa uzazi. Kwa hiyo usiandike upandikizaji peke yake. Taja kilichopandikizwa, yaani tishu ya ovari.

Tatizo halisi ni panya. Kiswahili cha kawaida humwita panya yule mdogo wa jamii ya Mus na yule mkubwa wa jamii ya Rattus, nacho kiini cha jaribio unalolieleza, la kutia ovari ya yule mdogo mwilini mwa yule mkubwa, ni kwamba hao ni wanyama wa spishi mbili. Mtafsiri akiwaita wote kwa jina moja, ugunduzi wenyewe unatoweka. Wako wanaomwita mkubwa buku, nami sikubaliani nao, kwa sababu buku ana jina lake kwa haki: ni mnyama mwingine, mkubwa zaidi, mwenye vifuko mashavuni. Kipanya, kwa yule mdogo, nalo linatumika pia kwa kifaa cha kompyuta. Ningeandika panya mdogo na panya mkubwa, na mara ya kwanza ningeongeza jina la Kilatini. Ugumu huu hauwapati wanaoandika juu ya majaribio ya mwaka 1994, ambapo tishu za ovari za paka na kondoo zilipandikizwa kwa panya wenye kasoro ya kinga. Hapo panya ni mmoja tu.

Kihusishi kwa nacho kinahitaji uangalifu, maana huweza kuonyesha mpokeaji au chombo. Mwilini mwa panya ni wazi zaidi. Ukitaka mpokeaji awe kiima, kanuni ya unyambulishaji inaelekea kwenye alipandikiziwa ovari, ingawa alipandikizwa figo limezoeleka kiasi kwamba kulikataza ni kupoteza muda. Ukitaka kusema upandikizaji “kati ya spishi”, maneno hayo huweza kudokeza kubadilishana. Kutoka spishi moja kwenda nyingine huonyesha mwelekeo. Aina ni pana mno kushika nafasi ya spishi.

Sentensi yako ningeiandika hivi: “Mwaka 2002 watafiti walitangaza kwamba walipandikiza ovari za panya wadogo (Mus musculus) katika miili ya panya wakubwa (Rattus norvegicus) wasio na kinga kamili, wakavuna mayai, wakayarutubisha katika maabara, kisha wakaviweka viinitete katika mifuko ya uzazi ya panya wadogo wengine, ambao ndio waliozaa.” Kishazi cha mwisho usikiache, kwa kuwa bila hicho msomaji ataamini kwamba panya mkubwa alizaa panya mdogo.