Shangazi, nilimchezea shere mwenzangu kazini, sasa hanisemeshi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29 na ofisini najulikana kwa utani. Niliwahi kutia chumvi kwenye kopo la sukari. Siku nyingine nilibandika kikaratasi kwenye jicho la kipanya cha kompyuta ya mwenzangu, akahangaika wee, watu wakacheka. Mwezi uliopita nilimwandikia dada ninayekaa naye jirani barua ya uongo ya kuachishwa kazi, yenye nembo ya ofisi. Akaisoma, akaanza kufungasha vitu vyake huku analia. Nilipomwambia ni mzaha akatoka nje. Tangu hapo hata salamu haitikii, na wengine wananikwepa. Nimekosa wapi, au watu hawajui utani? – Mcheshi*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza nijibu ambalo hukuuliza. Mtu hafungashi vitu kwa sekunde kumi. Anafungua droo, anatafuta mfuko, anakunja sweta lake. Muda wote huo wewe ulikuwa wapi? Kwa maelezo yako, ulikuwa hapo hapo unamtazama. Nadhani huyo dada anaweza kuisahau barua, lakini huko kumtazama hajakusahau.

Yule wa kipanya dawa alikuwa nayo mkononi. Akikigeuza tu anaona kikaratasi, anakutukana, mnacheka wote. Barua yako ataigeuza vipi? Aliyeweza kumtoa humo ni wewe peke yako, ukanyamaza.

Utaniambia hata wakubwa hufanya, Siku ya Wajinga. Kweli. Tarehe 1 Aprili 1957 BBC ilionyesha familia ya Uswisi ikivuna tambi mtini, na watazamaji wakaingia mkenge hadi kupiga simu kuuliza mti huo hupandwaje. Mimi mwenyewe hucheka nikiukumbuka. Lakini hakuna aliyelala usiku ule akiwaza kodi ya nyumba ataipata wapi.

Na hao waliocheka ile chumvi, usiwahesabu sana. Kazini watu hucheka ili wasiambiwe wana kinyongo.

Sasa nenda kwake mkiwa wawili, na ulitaje kosa kwa jina: "Niliandika barua ya uongo, nikakuona unalia, nikachelewa kukwambia." Basi. Ile "ilikuwa utani tu" iache nyumbani, maana hiyo "tu" ndiyo itakayomfanya akugeuzie mgongo tena. Usimtake akusamehe siku hiyo hiyo, wala usimfuate na zawadi. Akinyamaza, mwachie ukimya wake.

Kwa kuwa aliaibika mbele ya watu, hao watu nao wasikie kutoka kwako kwamba kosa ni lako, na kwamba yeyote angeiamini barua yenye nembo. Waambie kwa sentensi mbili, bila vichekesho. Najua itakuwasha.

Tena hiyo nembo inanitia wasiwasi kuliko inavyokutia wewe. Kutengeneza barua kwa jina la mwajiri ni kughushi, na aliyeiona anaweza kuifikisha juu wakati wowote. Mtangulie, ukamweleze mkuu wako mwenyewe. Ukipewa onyo, lipokee bila kubishana.

Utani si lazima uuache. Ila kwa huyo dada umeisha, hadi siku atakapoanza yeye kukutania.

Na lile kopo la sukari, natumaini ulilimwaga.